Aqua yangu inakula mafuta kuliko nilivyoahidiwa: niiendesheje?

Swali: Msomaji mmoja, mama mkazi wa Buhongwa jijini Mwanza, anaandika kwamba miezi michache iliyopita alinunua Toyota Aqua ya mwaka 2013 iliyotumika Japani, gari la haibridi, yaani lenye injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja. Muuzaji alimhakikishia kwamba lita moja ya petroli itampeleka kilomita 35. Dashibodi yake inamwonyesha kilomita 18, na siku anazompeleka mtoto shuleni, kurudi nyumbani, kisha kwenda kazini mjini, inashuka hadi 15. Mume wake anamshauri aweke gia ya N kwenye miteremko. Jirani anamwambia abonyeze kitufe cha EV, kile cha kutembea kwa umeme peke yake, kila anapoingia mjini. Dereva mmoja wa teksi amemfundisha kutumia gia ya B. Fundi naye amekwisha kumwambia kwamba betri imekufa, anunue nyingine. Anauliza amsikilize nani.

Jibu: Dada yangu, kati ya hao wanne hakuna hata mmoja ambaye ningekushauri umfuate leo, ingawa kila mmoja ana sababu inayomfanya aamini anachokisema, na nitazipitia zote. Kwanza tuiweke mahali pake ile namba ya 35, kwa sababu inakutia wasiwasi usiostahili.

Aqua ilipoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa mwaka 2011, ilitangazwa kwamba inakwenda hadi kilomita 35.4 kwa lita kwa kipimo cha Kijapani kinachoitwa JC08. Kipimo hicho hufanyika ndani ya jengo, magurudumu ya gari yakizunguka juu ya mtambo, kiyoyozi kikiwa kimezimwa, kwa safari ya kilomita 8 hivi ambayo mwendo wake wa wastani ni kilomita 24 kwa saa na mwendo wake wa juu kabisa haufiki hata 82. Hakuna mlima wa Bugando ndani ya jengo lile, wala tuta, wala Hiace inayosimama ghafla kuchukua abiria. Hata madereva wa Japani hawaipati namba hiyo barabarani. Kwa gari la umri wa lako, likiwa zima, likiendeshwa kwa uangalifu katika jiji lenye vilima kama Mwanza, mimi ningetarajia kilomita 20 hadi 24 kwa lita, na siku njema zaidi ya hapo kidogo. Kwa hiyo 18 inaonyesha kuna kitu cha kurekebisha, lakini haionyeshi kwamba umeuziwa gari bovu.

Sasa shika jambo moja ambalo mengine yote yanalitegemea. Umeme unaosukuma Aqua haukutoka TANESCO, umetoka kwenye tangi lako la petroli. Ama injini iliuzalisha moja kwa moja kwa kuzungusha jenereta, ama petroli ililikimbiza gari kwanza, kisha sehemu ya mwendo ule ikarudishwa kwenye betri ulipoachia mafuta au ulipokanyaga breki. Kila nishati inapobadilishwa, kutoka mwendo kuwa umeme, kuingia kwenye betri, kutoka kwenye betri na kuwa mwendo tena, kiasi fulani hupotea kuwa joto, na ukijumlisha safari nzima, kati ya theluthi moja na nusu ya nishati hairudi kwako. Betri ni akiba inayokatwa ada unapoweka na kukatwa tena unapotoa, sawasawa na pesa za kwenye simu. Basi kutembea kwa umeme mara nyingi kuliko wenzako si kipimo cha ustadi. Anayetumia mafuta machache ni yule ambaye, mwendo akishaununua kwa petroli, anautumia kwenda mbele badala ya kuuvunja kwa breki na kuununua upya.

Gharama ya kuuvunja inapimika. Aqua yenye dereva peke yake ina uzito wa kama kilo 1,150. Kuitoa kwenye kusimama hadi kilomita 60 kwa saa kunahitaji nishati inayopatikana katika takriban mililita 15 za petroli, ukizingatia kwamba injini yenyewe hugeuza kuwa kazi theluthi moja tu au zaidi kidogo ya nguvu iliyomo kwenye mafuta, na iliyobaki hutoka kama joto. Mililita 15 ni kijiko kimoja kikubwa cha chakula. Ukisimama kabisa kutoka mwendo huo, breki ya umeme hukurudishia nusu ya kijiko au zaidi kidogo, na nusu nyingine imekwenda. Hesabu ni mara ngapi unasimama na kuondoka kati ya Buhongwa na mjini, kupitia Mkolani, Nyegezi, Mkuyuni na Igogo, nawe utaona mafuta yako yanakokwenda. Kumbuka pia kwamba nishati hiyo hukua kwa mraba wa mwendo: kusimama kutoka kilomita 60 kwa saa kunagharimu mara nne ya kusimama kutoka 30. Ndiyo maana kukimbilia foleni iliyosimama, jambo ninaloliona kila asubuhi, ni ghali kuliko kitu kingine chochote ambacho dereva wa mjini anaweza kufanya kwa mguu wake.

Hapo jirani yako anapata jibu lake. Kitufe cha EV huilazimisha mota ya umeme ifanye kazi peke yake kwa mwendo mdogo na kwa umbali mfupi, mpaka akiba ipungue. Kompyuta ya gari hairuhusu betri ijae kabisa wala iishe kabisa. Huiweka takriban kati ya asilimia 40 na 80. Ukiishusha hadi karibu na kiwango cha chini kwa kulazimisha EV, injini itawaka na kuijaza upya, na mara nyingi itafanya hivyo kwa wakati usiokufaa, ukiwa umesimama kwenye foleni ya Mkuyuni na petroli inachomwa bila gari kusogea. Kitufe hicho kina matumizi yake halali: kulitoa gari uani usiku bila kuamsha watoto, au kusogeza gari mita chache gereji. Kwa safari, acha kompyuta iamue, kwa sababu kazi yako ni kuitayarishia mazingira ambayo yenyewe itaona inafaa kuzima injini.

Mazingira hayo unayatayarisha kwa mguu wa kulia. Wengi wakishanunua haibridi huanza kuondoka polepole mno, wakijaribu kufika kilomita 40 kwa saa bila injini kuwaka, huku nyuma yao bajaji na daladala zikipiga honi. Hilo ni kosa kwa hesabu na ni kero kwa wenzako barabarani. Injini ya Aqua, yenye ujazo wa lita 1.5, imeundwa kwa mzunguko wa Atkinson, ambao hubana matumizi ya mafuta vizuri sana injini inapofanya kazi ya wastani, na hupoteza faida yake inapofanya kazi ndogo mno au kubwa mno. Kwa hiyo, taa zikiruhusu, iache mota ianze kulivuta gari mita za mwanzo, kisha kanyaga mafuta kwa uthabiti mpaka injini iwake na ikupandishe hadi mwendo unaoutaka bila kusitasita. Tazama kipimo cha mfumo wa haibridi kwenye dashibodi, chenye maeneo ya CHG (kuchaji betri), ECO (kubana matumizi) na PWR (nguvu nyingi). Wakati wa kuongeza mwendo, mstari ufike nusu ya juu ya eneo la ECO na ukae hapo. Ukiingia PWR umezidisha, labda kama unaingia barabara kuu na usalama unadai hivyo.

Ukishafika mwendo unaoutaka, tuseme 50 pale kwenye vibao vya 50, inua mguu kabisa kwa sekunde moja. Injini itazimika. Kisha rudisha mguu kwa wepesi sana, kiasi cha kuufanya mstari ukae karibu kabisa na mpaka wa CHG na ECO, ukiegemea ECO. Hapo gari linateleza: betri haichukui kitu cha maana wala haitoi kitu cha maana, na mwendo ulioununua unakupeleka mbele bila kukatwa ada yoyote. Mwendo ukishuka hadi 40 hivi, na barabara ikiwa wazi, rudia. Hii ndiyo mbinu inayoleta tofauti kubwa kuliko zote mjini, na inahitaji wiki kadhaa mguu uizoee. Usiifanye kwa kupandisha na kushusha mwendo kupita kiasi mbele ya wenzako. Mabadiliko ya kilomita 10 kwa saa yanatosha, na aliye nyuma yako hatakiwi hata kuyaona.

Mtelezo unategemea macho zaidi ya mguu. Barabara ya Kenyatta unaipita kila siku, hivyo unajua matuta yalipo, unajua vituo ambavyo daladala husimama zikiwa zimeziba nusu ya barabara, unajua watoto wanavukia wapi saa moja asubuhi. Ukiona taa za breki za gari la tatu au la nne mbele yako, usisubiri la mbele yako lisimame. Achia mafuta pale pale. Ikiwa una hakika utasimama, inua mguu kabisa, gari lijipunguze mwendo na kujaza betri taratibu. Ikiwa kuna uwezekano foleni ikaanza kusogea kabla hujaifikia, weka mguu kwa wepesi uteleze, maana kufika kwenye foleni ukiwa bado una kilomita 20 kwa saa, inapoanza kusogea, ni bora kuliko kufika mapema na kusimama. Umbali wa sekunde tatu hadi nne kutoka gari la mbele unakupa nafasi ya kufanya haya. Najua pikipiki zitaingia katika nafasi hiyo. Ziache ziingie, maana zitakuwa zimeondoka kabla hujasogea mita 50.

Breki ikilazimika, ikanyage mapema na kwa wepesi. Kadiri unavyokanyaga, mstari unaingia katika eneo la CHG, na ukifika mwisho wa eneo hilo maana yake mota imefikia uwezo wake wa kurudisha umeme, na kila unachozidisha kinachukuliwa na breki za kawaida, ambazo hugeuza mwendo kuwa joto na vumbi la pedi. Chini ya kilomita 10 kwa saa hivi, breki za kawaida huchukua kazi karibu yote. Breki moja ndefu ya mita 80 hurudisha kingi. Breki kali ya mita 20 hurudisha kidogo sana. Lakini sitaki uyachukue haya kama ruhusa ya kuchelewa kushika breki mtoto anapovuka. Panapohitajika kusimama, simama.

Sasa tuje kwenye milima, maana Mwanza hatuwezi kuikwepa, na hapo ndipo shemeji yangu na dereva wa teksi wanapokutana. Kupanda mita 100 kwenda juu kwa gari la uzito wa lako kunahitaji takriban desilita moja ya petroli, yaani sehemu moja ya kumi ya lita, zaidi ya kile ambacho ungetumia kwenye tambarare. Ukipanda Isamilo au Bugando, usishindane na mlima: shika pedali mahali pamoja, kubali mwendo upungue kidogo, na usipandishe kasi katikati ya mwinuko. Kikubwa ni kile unachofanya wakati wa kushuka. Ukiacha gia kwenye D na kuinua mguu, injini inazimika na mota inageuka kuwa jenereta, na sehemu ya ile desilita inarudi kwenye akiba. Ukiweka N, kama shemeji anavyoshauri, injini haikusaidii, mota hairudishi umeme hata kidogo, na kazi yote ya kulizuia gari inabaki kwa breki za kawaida, ambazo zikipata joto sana hupungua nguvu. Ushauri wake ulikuwa na mantiki katika magari ya kabureta ya zamani, ambayo injini yake iliendelea kunywa petroli mteremkoni. Katika Aqua unapoteza mafuta na usalama kwa pamoja. Vivyo hivyo, usiweke N kwenye foleni, kwa sababu gari likiwa N betri haijazwi hata injini ikiwa inanguruma. Baki D ukiwa umekanyaga breki sawasawa, au weka P.

Gia ya B nayo ipo kwa ajili ya miteremko mirefu na mikali, ambapo betri inaweza kujaa kabla hujafika chini. Ukiwa B, gari huzungusha injini bila mafuta ili injini yenyewe ilizuie gari, na nishati iliyotumika kuizungusha haiendi kwenye betri. Kwa mtu anayeshuka kutoka milima ya Usambara, B ni rafiki wa kweli. Kwa miteremko mifupi ya jijini kwetu, B inakunyima umeme ambao D ingekupa, hata kama unahisi gari linashikika vizuri zaidi.

Namba yako ya 15 katika siku za shule, kwa maoni yangu, ina sababu tofauti na hizi zote. Unawasha gari likiwa baridi, unakwenda kilomita chache, unarudi nyumbani, unalizima, linapoa, kisha unaliwasha tena kwenda kazini. Gari la haibridi likiwashwa baridi, injini huwaka hata kama huihitaji, ili kupasha joto chombo cha kusafisha moshi na maji ya injini, na haitakubali kuzimika kila mara kama kawaida mpaka maji yale yamefikia joto la kutosha. Hali ya hewa ya Mwanza inatusaidia, kwa kuwa asubuhi zetu si za baridi kali, lakini bado safari fupi inaweza kwisha yote katika kipindi hicho cha kupasha moto. Ukiweza kumpeleka mtoto na kuunganisha moja kwa moja na safari ya kazini, hata kama utafika ofisini nusu saa kabla, fanya hivyo. Sokoni na benki pia, viunganishe katika safari moja. Usilipashe gari moto likiwa limesimama uani: likishaonyesha neno READY kwenye dashibodi, ondoka, na kwa dakika moja ya mwanzo endesha kwa upole, kwa sababu katika muda huo injini inashughulika na kujipasha moto na mota ndiyo inayovuta.

Kiyoyozi cha Aqua kinaendeshwa kwa umeme, hivyo hufanya kazi hata injini ikiwa imezimika, na watu hudhani ni cha bure. Ukikaa kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga ukiwa na READY na kiyoyozi, utasikia injini ikiwaka kila baada ya muda kurudisha akiba. Kama subira ni ndefu, zima gari na ufungue vioo, upepo wa ziwani utafanya kazi hiyo. Gari lililoegeshwa juani, fungua milango kwanza joto litoke, kisha weka kiyoyozi kwenye 25 au 26, si 18. Mjini kwa mwendo mdogo vioo vilivyo wazi havina hasara ya maana; ukizidi 70 hivi, funga vioo na utumie kiyoyozi.

Ukitoka mjini kwenda Magu na Musoma, au kupitia Usagara kuelekea Shinyanga, au kuvuka daraja la Kigongo–Busisi kwenda Sengerema na Geita, mambo yanabadilika. Nguvu ya upepo unaolipinga gari hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kutoka 80 kwenda 100 upinzani huo unaongezeka kwa asilimia 56, na katika mwendo huo breki hukanyagwi mara nyingi kiasi cha haibridi kupata cha kurudisha. Kuna jambo jingine la kiufundi: kwa mfumo huu wa Toyota, ukizidi karibu kilomita 70 kwa saa injini hulazimika kuzunguka hata ukiinua mguu, ili kuilinda mota ndogo isizunguke kwa kasi ya kuiharibu. Safari ya 80 kwa uthabiti, ukiteleza mapema unapoona kibao cha 50 badala ya kuvunja mwendo mbele ya tochi ya trafiki, itakupa namba nzuri kuliko safari ya 110 yenye kupita malori kila kilomita. Keria ya juu isiyo na mzigo, iondoe. Upepo wa juu ya daraja peke yake unatosha kukusumbua.

Kabla hujalaumu mguu wako, hata hivyo, kagua mambo matatu ambayo fundi wako pengine hakuyagusa. La kwanza ni upepo wa tairi. Soma kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, ambacho mara nyingi kimeandikwa kwa kPa. Gawa kwa 6.9 upate psi, hivyo 240 ni kama 35. Pima asubuhi kabla ya kuendesha, na upime kila wiki mbili, kwa sababu mara nyingi nimekuta haibridi zinatembea na psi 26 kwa kuwa kijana wa upepo alijaza kwa kukadiria. La pili ni oili. Aqua imeundwa kwa oili nyepesi ya 0W-20, lakini gereji nyingi zitakuwekea 20W-50 kwa imani kwamba oili nzito inalinda injini iliyotembea. Injini ya haibridi inazimika na kuwaka mara nyingi katika safari moja, na oili nzito huchelewa kufika juu na kuiongezea injini kazi kila inapowaka. Muulize fundi aliweka gani, na kama hajui, ibadilishe. La tatu ni breki zinazoshika. Kwa kuwa breki za kawaida hutumika kidogo katika gari hili, pini zake hukauka na kujaa vumbi, pedi zikabaki zimegusa diski. Endesha kilomita chache bila kukanyaga breki sana, simama, kisha weka kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Gurudumu moja likiwa na joto kuliko mengine, hapo kuna kodi unayoilipa kila siku.

Usiziamini sana namba za dashibodi kwa ajili ya kulinganisha. Mara nyingi huonyesha zaidi kidogo ya ukweli. Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, weka kihesabu cha safari cha Trip A kwenye sifuri, endesha mpaka utumie sehemu kubwa ya zile lita 36 za tangi, kisha jaza tena kwenye pampu ile ile mpaka ijikate. Kilomita 486 kwa lita 27 ni 18. Fanya hivyo kwa matangi mawili kwa uendeshaji wako wa sasa, na mawili baada ya kurekebisha tairi, oili na mguu.

Mwisho ni betri, na hapa nataka uwe mwangalifu na fedha zako. Betri ya Aqua ina seli 120 katika moduli 20, yaani vifurushi vya seli, jumla ya volti 144, na iko chini ya kiti cha nyuma. Inapoozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lenye wavu lililo upande wa chini wa kiti hicho. Vumbi la barabara zetu, manyoya ya zulia, na mifuko ya ununuzi inayorundikwa pale huziba tundu hilo, betri inapata joto, na kompyuta inapunguza kiasi inachoruhusu kuingia na kutoka. Safisha wavu leo, kisha mwite fundi wa haibridi asafishe feni yenyewe. Si kazi ya kufanya kwa bisibisi ya nyumbani: nyaya za rangi ya chungwa zinabeba umeme unaoua, na kibadilisha umeme cha gari hili hupandisha volti hadi 520.

Betri iliyochoka kweli hujionyesha. Vijiti vya chaji hupanda na kushuka kwa dakika chache bila sababu ya kueleweka, injini huwaka na kuzima mara kwa mara ukiwa umesimama, feni hunguruma nyuma, na hatimaye taa ya onyo huwaka, mara nyingi ikiambatana na msimbo wa hitilafu P0A80 kwenye kompyuta ya gari. Wewe hukuandika kuona lolote kati ya hayo. Mwambie fundi aunganishe kifaa cha kusoma kompyuta ya gari na akuonyeshe kwa macho yako volti ya kila kundi la moduli wakati unakanyaga mafuta na wakati unakanyaga breki. Makundi yakikaribiana, betri ni nzima na matumizi ya petroli yana sababu nyingine. Kundi moja likiachana na wenzake kwa karibu volti moja au zaidi, kuna moduli iliyochoka, na hapo zungumzeni kuhusu kutengeneza au kubadilisha. Akikataa kukuonyesha vipimo, peleka gari kwa fundi mwingine kabla hujatoa shilingi yoyote.